Dornfelder Kavu: Namna ya Kuichagua, Kuiandaa na Kuipatia Chakula Kinachoifaa

Mtu anayeonja Dornfelder kwa mara ya kwanza hudanganywa na macho yake. Divai hii nyekundu ya Ujerumani ina rangi ya zambarau iliyokolea hata mwanga ukashindwa kupenya glasi, na anayeitazama hutarajia kinywaji kikali kinachokausha ulimi na kudai pande kubwa la nyama. Akishaionja hukuta jambo jingine kabisa: tunda laini lenye kukumbusha cheri chachu na plamu, tanini (dutu za zabibu zinazokausha ulimi) za wastani tu, na uchachu unaoufanya mdomo utoe mate na kutamani kula. Anayeichagulia chakula kwa kufuata rangi hukosea mara nyingi, ilhali anayefuata uchachu na tunda lake hupatia bila taabu kubwa.

Rangi hiyo ilikusudiwa tangu mwanzo. Mwaka 1955, katika kituo cha kilimo cha mizabibu cha Weinsberg kilichoko Württemberg, August Herold alichavusha aina mbili za mizabibu, Helfensteiner na Heroldrebe, akitafuta zabibu yenye rangi nyingi ambayo ingechanganywa na divai nyekundu za Ujerumani zilizokuwa zimepauka. Kupitia wazazi hao wawili, Dornfelder imerithi damu ya Frühburgunder, Trollinger, Portugieser na Lemberger. Ilipewa jina la Immanuel Dornfeld, mmoja wa watu waliochangia kuanzishwa kwa shule ya kilimo cha mizabibu ya Weinsberg mwaka 1868. Zabibu iliyoletwa iwe msaidizi ilidhihirika kuwa inaweza kujitegemea, na leo ndiyo ya pili kwa ukubwa wa mashamba miongoni mwa zabibu nyekundu za nchi hiyo, baada ya Spätburgunder. Nyingi hulimwa katika maeneo ya divai ya Rheinhessen na Pfalz.

Neno la kutafuta kwenye lebo

Tatizo la mnunuzi ni kwamba Dornfelder huuzwa katika hali zote, kuanzia kavu hadi tamu, na chupa zake zinaweza kufanana kwa kila kitu isipokuwa neno moja dogo. Neno la kulitafuta ni trocken, yaani kavu. Ukikuta halbtrocken, fahamu kuwa ni nusu kavu, na lieblich ni tamu waziwazi. Neno feinherb linapendwa sana na wauzaji, lakini halina kipimo kilichowekwa kisheria, na kwa kawaida humaanisha divai inayokaribia nusu kavu au kuzidi hapo kidogo. Lebo isiyo na neno lolote kati ya haya isichukuliwe kuwa ya divai kavu. Pengine si kavu hata kidogo.

Ukavu hapa una maana moja tu, nayo ni uchache wa sukari iliyobaki baada ya hamira kugeuza sukari ya zabibu kuwa kilevi. Kwa kanuni zinazotumika Ujerumani na Umoja wa Ulaya kwa jumla, divai huitwa trocken ikiwa na sukari isiyozidi gramu 4 kwa lita, au hadi gramu 9 iwapo sukari hiyo haizidi asidi ya divai kwa zaidi ya gramu 2 kwa lita. Kwa hiyo Dornfelder yenye asidi ya gramu 6 inaweza kubeba sukari ya gramu 8 na bado ikastahili jina la kavu kisheria, na ulimi nao utakubali, kwa kuwa uchachu huficha utamu. Hii ndiyo sababu chupa mbili zenye neno lile lile zinaweza kutofautiana: moja itakuwa kavu hadi mwisho wa koo, nyingine itaacha ulaini wa tunda unaokaribia utamu. Zote mbili ni halali, ila ya kwanza hupendelea chakula chenye chumvi na mafuta, na ya pili huvumilia mchuzi wenye utamu kidogo.

Kama lebo inakutatiza, angalia kiwango cha kilevi. Dornfelder kavu kwa kawaida huwa na asilimia 12 hadi 13.5. Ukikuta divai nyekundu yenye asilimia 9 au 10, ni dalili kwamba hamira ilisimamishwa kabla haijamaliza kazi na sukari nyingi imebaki ndani. Kipimo hiki hakishindwi mara nyingi.

Mambo mengine ya kusoma ni machache. Jina la zabibu likiandikwa peke yake, angalau asilimia 85 ya divai lazima itokane na zabibu hiyo, na mwaka wa mavuno una sharti hilo hilo. Neno Gutsabfüllung huonyesha kuwa mwenye shamba ndiye aliyetengeneza divai na kuijaza chupani, na kwa zabibu hii jambo hilo lina uzito, kwa sababu Dornfelder huzaa kwa wingi mno ikiachiwa. Mkulima asiyepunguza vishada hupata lita nyingi za divai yenye rangi nzuri na ladha nyembamba. Mkulima aliye tayari kuandika jina lake kwenye lebo huwa na sababu ya kushika mkasi wakati wa kiangazi.

Sura mbili za divai moja

Kabla hujafikiria chakula, ni lazima ujue umeshika Dornfelder ipi. Sura ya kwanza ni ile iliyochachuliwa na kutunzwa katika tangi la chuma au pipa kubwa la zamani, ambayo hutolewa ingali changa. Hiyo ina harufu ya cheri na matunda meusi ya porini, haina ukali, na inafaa kunywewa ndani ya miaka miwili au mitatu tangu mavuno. Sura ya pili ni ile iliyokaa katika mapipa madogo ya mwaloni yenye ujazo wa lita 225, na lebo yake huandikwa Barrique au im Barrique gereift. Mwaloni huiongezea tanini, harufu ya vanila, karafuu na moshi kidogo, na uwezo wa kukaa miaka mitano au zaidi chupani.

Kosa linalorudiwa sana ni kudhani kuwa ya pipa ndiyo bora kila wakati kwa kuwa ni ghali zaidi. Ukiiweka mbele ya soseji na saladi ya viazi, mwaloni utakifunika chakula chote, na divai changa iliyogharimu nusu ya bei ingefanya kazi nzuri zaidi.

Joto, glasi na muda wa kupumua

Dornfelder changa imiminwe ikiwa na nyuzi 14 hadi 16 za Selsiasi, na ya pipa nyuzi 16 hadi 18. Kanuni ya zamani ya kunywa divai nyekundu katika joto la chumba ilitungwa wakati vyumba vilikuwa baridi. Katika chumba chenye nyuzi 22 au zaidi kilevi huanza kunuka kabla ya tunda, na divai huonekana nzito na ya kuchosha. Iweke chupa kwenye friji kwa nusu saa kabla ya kula, na ikiwa imetoka mahali penye joto kali, ongeza dakika 15 nyingine. Ni afadhali ianze baridi kidogo, kwa sababu itapata joto glasini, na kuipoza tena katikati ya mlo ni usumbufu.

Glasi iwe na tumbo la wastani na mdomo uliobana kidogo, ijazwe theluthi moja tu. Wakazi wa Pfalz wana glasi yao maarufu iitwayo Dubbeglas, yenye ujazo wa nusu lita na vibonyeo pembeni ili isiteleze mkononi, nayo inapendeza sana kwenye sherehe za divai, ila haimsaidii mtu anayetaka kujua kama divai imepatana na chakula. Divai changa haihitaji kupumua. Ile ya pipa ifunguliwe na kumiminwa kwenye jagi dakika 30 hadi 60 kabla ya kula.

Jaribio la kufanya kabla ya kupika

Njia ya haraka ya kuifahamu chupa uliyonunua ni kuiweka mezani pamoja na vitu vinne: chumvi kidogo, kipande cha limau, kijiko cha asali na kipande cha jibini gumu lililokomaa. Onja divai peke yake, kisha lamba kimoja kati ya vitu hivyo na uionje tena, ukinywa maji kabla ya kwenda kwa kingine. Baada ya chumvi divai huonekana laini na tunda lake hujitokeza. Baada ya limau huonekana nyororo zaidi kuliko mwanzo, kwa sababu ulimi umekwisha kuzoea uchachu mkali kuliko wake. Baada ya asali divai ile ile hugeuka kuwa chachu, nyembamba na chungu kidogo. Baada ya jibini tanini hutulia, kwa kuwa zimeshikamana na protini na mafuta ya jibini badala ya kushikamana na mate yako.

Majibu hayo manne yanatosha kukuongoza kwenye karibu kila sahani: chumvi, mafuta na uchachu wa kiasi ni marafiki wa divai hii, na utamu ndio adui yake. Ongeza adui wa pili, pilipili kali, ambayo huufanya moto wa kilevi uzidi na tanini zikwaruze.

Chakula chenye kuipatia heshima yake

Kama ningeruhusiwa sahani moja tu ya kuitambulisha Dornfelder kavu, ningechagua Rinderrouladen, yaani vipande vyembamba vya nyama ya ng'ombe vinavyopakwa haradali, vikawekwa bekoni, kitunguu na tango la achari, vikakunjwa, vikafungwa kwa uzi na kupikwa polepole hadi vilainike. Ndani ya mkunjo huo mmoja kuna kila kitu ambacho divai hii inakihitaji: chumvi na mafuta kutoka kwa bekoni, uchachu kutoka kwa tango na haradali, na mchuzi mzito wa nyama unaodai kitu cha kuusafisha ulimi. Divai yenye tanini nyingi ingegombana na haradali na tango, na divai isiyo na uchachu ingeonekana imelala.

Kwa mikunjo minane, kaanga nyama kwenye sufuria nzito hadi iwe na rangi ya kahawia pande zote, uitoe, kisha ukaange karoti, kitunguu na mzizi wa seleri uliokatwakatwa pamoja na kijiko kimoja cha nyanya nzito ya kopo. Nyanya ikianza kushika chini, mimina mililita 250 za divai kwa awamu mbili au tatu, na kila awamu uiache ikauke karibu yote kabla ya kuongeza nyingine. Hatua hii isiharakishwe, kwa sababu divai inayomiminwa yote kwa mara moja na kufunikwa na supu huacha mchuzi wenye uchachu mbichi, wakati ile iliyokaushwa kwa awamu huacha rangi, harufu na mwili. Rudisha nyama, ongeza supu ya mifupa hadi nusu ya kimo chake, funika, na upike kwa moto mdogo kwa saa moja na nusu hadi mbili. Chuja mchuzi na uonje. Ukiona umekuwa mchachu, ongeza kipande cha siagi badala ya sukari, kwa sababu sukari itauharibu upatanifu na glasi iliyoko mezani. Divai ya kupikia iwe ile changa ya bei ya kawaida, na ya kunywa iwe ama hiyo hiyo au ndugu yake wa pipa.

Sauerbraten inahitaji tahadhari. Nyama hii hulowekwa siku kadhaa katika siki, divai na viungo, na uchachu wake pekee hauna tatizo. Tatizo huja katika namna inavyopikwa Rheinland, ambako mchuzi hutiwa zabibu kavu na kuongezewa utamu. Kwa mchuzi wa namna hiyo, divai kavu kabisa itaonekana kali, kwa hiyo chagua ile Dornfelder kavu yenye ulaini wa tunda niliyoieleza hapo juu, au ukubali kushuka hadi halbtrocken bila aibu. Sauerbraten isiyotiwa utamu haina masharti hayo.

Hoja hiyo hiyo inatawala bata bukini wa kuoka, ambaye Wajerumani humla siku ya Mtakatifu Martin, tarehe 11 Novemba, na tena wakati wa Krismasi. Mafuta yake yanauhitaji mno uchachu wa Dornfelder, lakini kabichi nyekundu inayoambatana naye hupikwa kwa matofaa, siki, karafuu na mara nyingi sukari. Punguza sukari ya kabichi na uongeze tofaa chachu, na hapo divai ya pipa yenye harufu yake ya karafuu itakutana na karafuu ya kabichi kana kwamba zilipangwa pamoja.

Nyama ya porini ndiyo mahali ambapo Dornfelder ya pipa inastahili bei yake. Nguruwe mwitu aliyepikwa polepole na beri za mreteni na uyoga, au mguu wa paa wenye mchuzi mzito, una ladha ya kutosha kusimama mbele ya mwaloni. Mgongo wa paa uliookwa kwa muda mfupi ukabaki mwekundu katikati ni jambo tofauti, kwa sababu nyama hiyo ni nyororo na haina mafuta, na kwa maoni yangu Spätburgunder huitendea haki zaidi.

Katika Pfalz yenyewe kuna Saumagen, tumbo la nguruwe lililojazwa nyama, viazi na viungo, likachemshwa, kisha likakatwa vipande na kukaangwa. Chansela wa zamani wa Ujerumani, Helmut Kohl, mzaliwa wa Ludwigshafen, aliwaandalia chakula hicho viongozi wa mataifa waliomtembelea, akakipa umaarufu ambao huenda kisingeupata chenyewe. Huliwa na kabichi iliyochachushwa, ambayo kwa desturi huita divai nyeupe, lakini upande wa tumbo uliokaangwa hadi kukauka huitikia vizuri Dornfelder changa iliyopozwa hadi nyuzi 14. Soseji za kuchoma, nyama baridi, nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi pamoja na mkate mweusi vinafuata mkondo huo huo.

Asiyekula nyama hana upungufu wowote hapa. Uyoga uliokaangwa kwa siagi na kitunguu, tambi zenye mchuzi wa nyanya, biringani la kuoka na dengu zilizopikwa na tone la siki zote zinapatana na divai changa. Nyanya hasa ni kipimo kizuri, kwa kuwa uchachu wake huziangusha divai nyekundu nyingi na kuiacha Dornfelder imesimama. Kwa upande wa jibini, chagua gumu lililokomaa kama Bergkäse, na uliache laini lenye harufu kali, kwa kuwa huipa divai ladha ya chuma.

Samaki si marufuku, lakini awe na mafuta na awe amechomwa au kukaangwa hadi ngozi ikauke, na divai iwe ile isiyoguswa na mwaloni. Asparaga nyeupe, ambayo msimu wake Ujerumani hufungwa kwa desturi tarehe 24 Juni, iachiwe divai nyeupe ya Silvaner. Pamoja na divai nyekundu huleta uchungu usio na dawa. Keki, chokoleti ya maziwa na vitindamlo vyote vitamu viliwe baada ya chupa kuisha.

Inapofaa kumwita ndugu mwingine

Ukiona chakula ni chepesi kuliko Dornfelder changa, kwa mfano kuku wa kuoka asiye na mchuzi au uyoga katika krimu, tafuta Spätburgunder trocken kutoka Baden au bonde la Ahr, yenye rangi hafifu, tanini nyororo na harufu ya cheri na majani makavu. Chakula kikiwa kizito na chenye pilipili manga nyingi, kama vile Zwiebelrostbraten ya Württemberg, yaani pande la ng'ombe lililofunikwa na vitunguu vya kukaanga, Lemberger ina uti wa mgongo imara zaidi. Trollinger iko upande wa pili kabisa, nyepesi hata hunywewa kama maji ya matunda katika migahawa ya msimu ya wakulima, ambayo huning'iniza ufagio mlangoni kutangaza kuwa imefunguliwa.

Divai iliyobaki chupani irudishiwe kizibo na kuwekwa friji, ambako ile changa itadumu siku mbili au tatu na ile ya pipa siku moja zaidi. Baada ya hapo usiitupe. Imimine kwenye vitrei vya barafu na uigandishe, kisha utoe vipande vitatu au vinne kila unapoanza mchuzi, ukivitia kimoja baada ya kingine kama ilivyoelezwa kwenye mikunjo ya nyama.